Lugha ya Waasa, na Maneno Yaliyosalia Baada Yake

Mtu akifa, siku ya kufa kwake yajulikana: kaburi huchimbwa, matanga huwekwa, na ndugu walio mbali hupelekewa habari. Lugha haifi hivyo. Mara nyingi hufa katikati ya watu wazima wenye afya, wanaolima na kuoza binti zao na kucheka barazani, wala hapana mtu anayetangaza msiba. Sisi tukaao Kiegei, na katika nchi yote ya Nachingwea na Ruangwa, twasikia Kimwera, Kingindo, Kindonde, Kiyao, Kimakua na Kimakonde, na Kiswahili juu ya zote. Na kwa kuwa twazisikia, twadhani zitakuwapo siku zote. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za lugha moja ya nchi yetu hii hii ya Tanzania, ambayo haisemwi tena na mtu ye yote, nayo iliandikwa kidogo mno kabla ya kutoweka. Ni lugha ya Waasa, ambao vitabu vingine vyawaita Aasax.

Waasa walikuwa wawindaji na walina asali katika nyika ya Wamaasai, upande wa kaskazini. Hawakuwa na ng'ombe. Wamaasai huwaita watu wa namna hii Il-torobo, maana yake watu maskini wasio na mifugo, nasi kwa Kiswahili tumelichukua neno hilo tukasema Wandorobo. Jina hili limeleta machafuko mengi vitabuni, kwa maana si jina la kabila wala la lugha. Ni jina la hali ya mtu, kama vile mtu angesema "mafukara" akadhani ametaja taifa. Waokiek wa Kenya waliitwa Wandorobo, nao husema lugha ya jamii ya Kinandi. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, kaskazini ya mlima Kenya, waliitwa Wandorobo, na lugha yao ilikuwa ya jamii ya Kikushi. Waasa nao waliitwa Wandorobo. Basi msomaji akikuta katika kitabu cha zamani maneno ya "Kindorobo" tu, bila kuambiwa yalisikiwa wapi na kwa nani, hana njia ya kujua ameshika mali ya nani.

Wastadi wa lugha wameiweka lugha ya Waasa pamoja na Kiiraqw, Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge, lugha zinazosemwa mpaka leo katika nchi za Mbulu, Babati na Kondoa. Jamii hii yaitwa Kikushi cha kusini, na jamaa zake wa mbali ni Kisomali na Kioromo. Ndugu mwingine aliyekufa ni Kikw'adza, lugha ya watu walioitwa pia Wangomvia, ambao Mdachi mmoja, H. Claus, alichapisha makala juu yao mwaka 1910. Ushahidi wa udugu huu wapatikana katika maneno ya kila siku. Wairaqw husema ma'ay kwa maji, na neno la Waasa kwa maji ni la umbo la karibu sana na hilo, wala halifanani hata kidogo na enkare ya Wamaasai. Neno kama maji halikopwi kwa urahisi. Mtu hukopa neno la kitu kigeni kilichofika kwa merikebu au kwa msafara. Hana haja ya kukopa jina la kitu alichokunywa tangu utotoni.

Sasa, lugha hii ilikwishaje? Hapakuwa na mfalme aliyeikataza, wala vita iliyowamaliza watu wake. Jambo kubwa lilianza kwa ugonjwa wa ng'ombe. Sotoka ilifika Afrika ya Mashariki kati ya mwaka 1890 na 1891, ikaua ng'ombe karibu wote wa Wamaasai, na nyuma yake ikaja ndui na njaa. Wasomaji watafikiri kwamba msiba huu uliwahusu wenye ng'ombe peke yao, na kwamba Waasa, wasio na hata ndama, walipita salama. Miili yao ilipita salama, lugha haikupita. Mtaalamu wa Kidachi J. C. Winter, aliyechapisha mwaka 1979 makala juu ya mabadiliko ya lugha ya Waasa, aeleza kwamba Wamaasai waliofilisika waliwakimbilia wawindaji hao, wakakaa nao, wakawinda nao. Mgeni mwenye njaa kwa kawaida hujifunza lugha ya mwenyeji wake. Hapa haikuwa hivyo, kwa kuwa Mmaasai hata alipokuwa maskini alibaki na heshima ya jana, na Mwasa hata alipokuwa mwenyeji alibaki kuitwa torobo. Kimaasai kikaingia kambini. Baadaye ng'ombe walipoongezeka tena, Waasa nao wakaanza kufuga, na kila ng'ombe aliyeingia katika boma aliingia na Kimaasai chake: rangi zake, magonjwa yake, baraka zake na sheria za kumrithi.

Mzee ambaye Winter amtaja kuwa msemaji wa mwisho alifariki mwaka 1976. Lakini twaomba msomaji asiushike sana mwaka huo. Mtu mmoja peke yake hana lugha. Ana kumbukumbu ya lugha. Ili kusema anahitaji wa kumjibu. Lugha ya Waasa ilikuwa imekwisha kufa siku ile mama wa mwisho aliyeijua alipomwita mtoto wake kwa Kimaasai, na siku hiyo haikuandikwa na mtu.

Na tuangalie yaliyoandikwa. Aliyetangulia ni Moritz Merker, afisa wa jeshi la Wadachi, katika kitabu chake kikubwa juu ya Wamaasai kilichochapishwa Berlin mwaka 1904, ambamo aliweka maneno ya Waasa. Merker alikuwa na fikira iliyomtawala: aliamini kwamba Wamaasai ni watu wa asili ya Kisemiti, jamaa za Waisraeli wa kale, na alikusanya kwao hadithi zilizomkumbusha Agano la Kale. Wastadi waliomfuata hawakukubali. Kwetu sisi lililo la maana ni hili, kwamba fikira hiyo ndiyo iliyoyaongoza maswali yake. Na wawindaji wasio na ng'ombe, ambao hawakumletea habari za Waisraeli, walipata nafasi ya ukingoni. Mwaka 1928 ofisa wa serikali ya Kiingereza, R. A. J. Maguire, alichapisha makala juu ya Il-torobo. Mwaka 1969 Mmarekani Harold Fleming aliandika juu ya Waasa na jirani zao Waaramanik. Kisha ndiye Winter. Na mwaka 2010, Sara Petrollino na Maarten Mous walitoa makala juu ya maneno waliyoyapata kwa wazee ambao hawakuwahi kuisema lugha hiyo wenyewe, ila walikumbuka maneno machache waliyowasikia wakubwa wao wakiyatumia. Akiba yote ya lugha ya taifa zima yaweza kusomwa na mtu mmoja kwa siku chache.

Hesabu ya kurasa si neno. Kilicho kibaya zaidi ni aina ya mambo yaliyoandikwa. Mwenye kukusanya hufika na daftari, hunyosha kidole chake: hiki nini, na hiki, na yule? Hupata kichwa, jicho, mbwa, moto, mti, moja, mbili, tatu. Hujaza kurasa mbili akaenda zake, na hudhani ameandika lugha. Ameandika majina.

Ili tuone hasara hiyo, na tujaribu kwa lugha yetu wenyewe. Tuseme Kiswahili kimekufa, na kilichosalia ni orodha ya maneno mia mbili iliyoandikwa na msafiri aliyekaa nyumba ya mwalimu kwa juma moja. Ataandika vitu alivyoviona: kitabu, kalamu, karatasi, sahani, meza, saa, dawa, sabuni, sukari, chai, taa, sanduku. Atauliza hesabu, naye ataandika sita, saba, tisa, ishirini, thelathini. Baada ya miaka mia mstadi mmoja ataichukua orodha hiyo na kusema kwa uhakika kwamba Kiswahili kilikuwa Kiarabu kilichoharibika, kilichochanganywa na Kireno kidogo. Wala hatatuonea, ushahidi alioachiwa wasema hivyo. Lakini kama msafiri yule angalisikia sentensi moja tu, "Watoto wale wawili hawakumwona," akaiandika nzima, mstadi angaliona wa- mara nne, angaliona -ku- ya wakati uliopita na -mw- ya yule aliyeonwa, angalichukua Kiyao kinachosema mundu na wandu, chindu na indu, naye angalijua mara moja Kiswahili kimezaliwa wapi. Sentensi moja ingalifanya kazi ambayo majina mia mbili hayakuweza.

Viungo vya lugha ndivyo vinavyoonyesha ukoo wake. Na viungo vya lugha ya Waasa ndivyo tulivyovipoteza. Tena, twaambiwa kwamba huenda waandishi hawakupata hata nafasi ya kuvisikia, kwa maana yaliyoandikwa yaelekea kuwa maneno ya Kiasa yaliyotumika ndani ya Kimaasai. Hapo yafaa tueleze kidogo. Katika Kimaasai jina halitembei peke yake: la kiume hutanguliwa na ol-, la kike na en-, kama olayioni, mvulana, na entito, msichana. Basi mtu aweza kulichukua neno la babu zake, akalivika ol- au en- mbele yake, akalitia katika sentensi ambayo kitenzi chake, wakati wake na mpango wake wote ni wa Kimaasai. Mmaasai asikiaye hataelewa, na jamaa wataelewana. Ni usemi wa kufichana, wa kujitambulisha, au wa mzaha. Kiasa cha namna hii chaweza kuishi muda mrefu baada ya Kiasa chenyewe kufa. Mwandishi aliyefika na daftari wakati huo aliandika nguo, akadhani amemwona mtu.

Wasomaji wetu walio na rafiki katika milima ya Usambara wanao mfano ulio hai. Wambugu wa huko, wajiitao Wama'a, wana namna mbili za kusema. Moja ni kama Kipare. Nyingine ina maneno mengi ya Kikushi na ya Kimaasai, lakini imejengwa kwa viambishi vile vile vya Kibantu. Jambo hili liliwashangaza wastadi tangu mwanzo wa karne iliyopita. Waligombana juu yake kwa miaka mingi, wengine wakisema ni lugha ya Kikushi iliyovaa Kibantu, wengine wakisema kinyume. Mous, aliyekaa na watu hao na kuandika kitabu chao mwaka 2003, aonyesha kwamba watu ni wale wale na sarufi ni ile ile. Maneno tu ndiyo hubadilishwa, ili Mmbugu ajitenge na jirani zake. Kwa Wambugu twaweza kujua hayo kwa sababu wapo, nao hujibu maswali. Waasa hawawezi kuulizwa.

Habari za Wayaaku, tuliowataja juu, zatufundisha jambo la pili, nalo ni la kuhuzunisha zaidi kwa kuwa lilifanywa kwa hiari. Hao walikaa katika mapango na misitu ya Mukogodo, wakiwinda na kufuga nyuki. Mahari ya binti yao ililipwa kwa mizinga ya nyuki. Katika miaka ya 1920 na 1930, chini ya serikali ya Kiingereza, walijikuta wakikaa pamoja na watu wasemao Kimaasai waliotoa ng'ombe kwa mahari. Ni baba gani atakayemwoza binti yake kwa mizinga ilhali jirani ameleta mitamba? Na kijana wa Kiyaaku asiye na ng'ombe atapata wapi mke? Katika kizazi kimoja mizinga ikashindwa na ng'ombe. Na yasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 walifanya mkutano wa hadhara, wakakubaliana kuiacha lugha yao na kusema Kimaasai, kwa kuwa Kiyaaku kilionekana ni lugha ya wawindaji isiyomfaa mfugaji.

Sababu hiyo sisi hatuikubali, ingawa twawaheshimu waliyoitoa. Hakuna lugha isiyoweza kumfaa mfugaji. Kiswahili hakikuwa na reli wala baisikeli, kikavipatia majina pasipo kikao. Kama Wayaaku wangalitaka, wangaliyakopa maneno ya ng'ombe kwa Kimaasai na kuyaweka ndani ya Kiyaaku, kama sisi tulivyokopa meza na bendera kwa Wareno bila kugeuka Wareno. Twaona kwamba uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa nyumbani, katika mahari na katika aibu ya kuitwa torobo, na mkutano ulikuwa wa kuupa sababu. Bernd Heine alipochapisha maelezo ya Kiyaaku katikati ya miaka ya 1970, wasemaji walikuwa wazee wachache. Na waliofika huko baadaye walikuta waliobaki ni wachache zaidi. Lakini Heine alipata sarufi. Kwa hiyo twajua Kiyaaku kilivyofanya kazi, na wajukuu wa watu hao waliotaka kuirudia lugha ya babu zao walipata mahali pa kuanzia. Mjukuu wa Mwasa hana mahali hapo.

Jambo hili si la Afrika peke yake, wala si la karne hii. Katika Amerika ya Kusini, juu ya mto Orinoco ulio katika nchi ya Venezuela ya leo, zilisemwa lugha nyingi ambazo hazisemwi tena. Mwaka 1800 mwenye elimu mkuu wa Wadachi, Alexander von Humboldt, alipita huko, akasimuliwa katika kijiji cha Maypures kwamba yupo kasuku mzee ambaye hapana mtu amwelewaye, kwa sababu asema lugha ya Waatures, taifa lililokwisha. Wengi hukumbuka kasuku huyo, nao hufurahia hadithi. Sisi twapenda zaidi kukumbuka habari ya padre aliyekaa nchi ile ile kabla ya Humboldt. Filippo Salvatore Gilij, Mwitaliano wa shirika la Wajesuiti, alikaa Orinoco karibu miaka 18, mpaka mfalme wa Hispania alipowafukuza Wajesuiti katika nchi zake mwaka 1767. Alirudi kwao, na kati ya mwaka 1780 na 1784 alichapisha Roma vitabu vinne, na ndani yake aliweka habari za lugha ya Wamaipure na ya Watamanaku, si majina tu bali jinsi ya kusema.

Katika Kimaipure mtu hawezi kutaja kiungo cha mwili wake kikiwa uchi. Lazima aseme cha nani, naye hutia nu- mbele ya neno, maana yake "wangu". Mwenye orodha angaliandika nu- kama sehemu ya kila neno na kushangaa mbona viungo vyote vya watu hawa vyaanza kwa silabi moja. Gilij alikuwa amezoea kuongea, si kunyosha kidole, akalielewa. Tena alipolinganisha na maneno ya Wamoxo, watu wa Bolivia, walio mbali sana kusini ng'ambo ya misitu mikubwa, aliona kwamba lugha hizo mbili ni ndugu. Jamii aliyoitambua yajulikana leo kwa majina ya Kimaipure na Kiarawaki, nayo ni mojawapo ya jamii kubwa za lugha za bara hilo. Wamaipure hawasemi tena Kimaipure. Lakini kwa ajili ya padre mmoja aliyeandika kwa subira, lugha yao ilitoa jina la jamii nzima. Waatures wa jirani waliachiwa kasuku; na orodha ya majina, tukisema kweli, ni kasuku aliyechapishwa: hutamka, lakini hajibu.

Turudi kwetu kusini. Nchi yetu haikukosa waandishi. Edward Steere alichapisha kitabu kidogo cha Kiyao mwaka 1871 na cha Kimakonde mwaka 1876, mwaka ule ule alioleta watu waliokombolewa utumwani kukaa Masasi. Chauncy Maples alitoa cha Kimakua mwaka 1879. Mwaka 1906 Karl Weule alipita Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti katika nta, akanasa nyimbo, na nyimbo hizo zilichukuliwa Ulaya. Lyndon Harries alichapisha sarufi ya Kimwera mwaka 1950. Hizi ni mali. Lakini Kindonde, ambacho wengine hukiita Kihamba, kimeandikwa kidogo mno, na Kingindo hakikupata sehemu inayolingana na ukubwa wa nchi yake. Na mambo yaliyowachanganya Waasa na Wamaasai hayakukosa kwetu. Vita ya Maji Maji na njaa iliyofuata, mwaka 1905 hata 1907, iliwatawanya Wangindo. Katika miaka ya 1940 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka nchi ya Liwale kwa ajili ya malale na hifadhi ya wanyama. Tangu mwaka 1947 mashamba ya karanga ya Nachingwea yaliwavuta vibarua wa kila kabila. Kisha vijiji vya miaka ya 1970 vikawakusanya watu wa lugha mbalimbali katika mstari mmoja wa nyumba. Hatusemi kwamba mambo hayo yote yalikuwa mabaya. Twasema kwamba baada ya kila moja, watoto walicheza na watoto wa lugha nyingine, na Kiswahili kikawa lugha ya mchezo.

Wala hatumlaumu mwalimu afundishaye kwa Kiswahili, maana ndiyo kazi yake, na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha sisi sote kusoma gazeti moja. Lakini mwalimu huyo huyo ana nafasi ambayo Merker hakuwa nayo: yeye haondoki baada ya juma moja. Bibi wa mwanafunzi wake yupo nyumba ya tatu.

Basi atakayetaka kuandika, na asianze na majina. Aanze na kitenzi kimoja cha kazi inayojulikana sana mahali hapo, akigeuze kila upande. Tuseme ni kulina asali. Amwombe mzee amwambie: Nimelina. Hatujalina. Tusiline leo. Nani alilina? Usingelina ungepata nini? Mzinga uliolinwa jana. Mlinie mgeni. Walilina wote pamoja. Sentensi hizi nane zikiandikwa vizuri zaonyesha nafsi, nyakati, kukana, kukataza, kuuliza na kunyambua. Nazo zapatikana kwa muda wa kunywa uji. Kisha aombe masimulizi, na hapo anyamaze. Mzee aeleze jinsi mzinga unavyochongwa na kutundikwa, au safari aliyosafiri, au ugomvi wa shamba uliopatanishwa, kwa maneno yake na kwa mwendo wake. Asimsahihishe akitia neno la Kiswahili. Aliandike, aweke alama. Neno lililokopwa nalo ni habari. Wanawake waulizwe pia, kwa maana wazee wa kiume hupewa kiti cha mbele, na lugha ya jikoni, ya kulea na ya kubembeleza mtoto hawaijui.

Sauti ziandikwe kwa uangalifu. Mwenye kuandika Kimakua kwa herufi za Kiswahili zilivyo hupoteza tofauti ya p na ph, ya t na th, na ya k na kh, ambazo kwa Mmakua hutenga neno na neno. Merker alikuwa na shida hii kwa Waasa, kwa kuwa lugha za jamii ya Kiiraqw zina sauti za kooni na za ubavuni mwa ulimi ambazo sikio la Ulaya halikuzizoea. Mwalimu akisikia sauti isiyo na herufi, achague alama yake mwenyewe na aieleze katika ukurasa wa kwanza. Alama mbaya iliyoelezwa yafaa kuliko alama nzuri isiyoelezwa. Siku hizi simu ya mkononi hunasa sauti vizuri kuliko mashine ya Weule, na watu wengi wanayo. Lakini sauti isiyo na maandishi wala tafsiri itakuwa kitendawili kwa wajukuu, basi vifanywe vyote viwili. Ruhusa iombwe kwanza. Mambo ya jando na unyago ambayo wenyewe hawataki yaandikwe yaachwe, na mzee akisema "hili usiliandike," kalamu ilazwe.

Na juu ya kila ukurasa yaandikwe mambo ambayo waliochukua maneno ya "Kindorobo" hawakuyaandika: tarehe, jina la kijiji, mahali alipozaliwa msemaji, umri wake kwa kadiri, lugha ya mama yake na lugha ya mkewe au mumewe, na jina ambalo yeye mwenyewe huiita lugha yake, hata kama majirani huiita kwa jingine. Nakala moja ibaki kijijini kwa wenye lugha. Ya pili ipelekwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwaka 2009 ilitolewa atlasi ya lugha za Tanzania, na ambako karatasi zilizotoka Kiegei zitasomwa pamoja na zile za Liwale na Masasi.